Shajara, Mhariri na Kimya: Nyaraka za George Grenfell wa Kongo

Nyaraka za kibinafsi za mmisionari huchukuliwa mara nyingi kuwa ghala la ukweli. Mwanahistoria huzifungua, akatoa tarehe na majina anayoyahitaji, kisha akazifunga. Mhakiki wa fasihi hana budi kuzisoma vingine, kwani shajara na barua ni tanzu, na kila utanzu una hadhira yake na kanuni zake za kusema na za kunyamaza. Makala haya yanachunguza nyaraka za George Grenfell (1849-1906), Mbaptisti Mwingereza, na yanashikilia kwamba kuchelewa kwake kuukiri ukatili wa biashara ya mpira hakueleweki kabla ya kuulizwa alikuwa akimwandikia nani, na kwa hadithi gani.

Grenfell alizaliwa Cornwall, akahudumu Kameruni, kisha akaingia Kongo mwaka 1878. Nyaraka zake zimo katika kumbukumbu za Chama cha Misheni cha Wabaptisti, zilizohifadhiwa katika Maktaba ya Angus, Chuo cha Regent's Park, Oxford. Mahali hapo penyewe panafichua hadhira: barua za mmisionari kwa chama chake ni taarifa za mtumishi kwa mwajiri. Grenfell aliyajua makali ya mwajiri huyo. Alijiuzulu mwaka 1878 baada ya Rose Edgerley, Mjamaika, kushika mimba kabla ya ndoa. Alimwoa mwaka huohuo, na chama kikamrudisha kazini baadaye. Yamkini mtu aliyewahi kutengwa hivyo huandika akijua kwamba kila sentensi yake itapimwa.

Hadhira ya pili ilikuwa ya wanajiografia. Meli ndogo ya mvuke iliyoitwa Peace ilisafirishwa vipandevipande, ikapitishwa nchi kavu kando ya maporomoko ya Kongo vichwani mwa wapagazi, na kuundwa upya mwaka 1884. Kwa meli hiyo Grenfell aliipima Kongo na Ubangi, na mwaka 1887 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kikamtunukia medali. Usimulizi wa namna hii huuhesabu mto kwa vina na mapindi yake. Mpagazi naye huelekea kuwa idadi ya mizigo tu.

Ndani ya safari hizo ndimo mlimotoka hadithi iliyomfunga. Alipofika Stanley Falls mwishoni mwa 1884, Grenfell alikuwa ameviona vijiji vilivyochomwa na wavamizi waliowatumikia wafanyabiashara Waarabu na Waswahili. Msuko ulikuwa tayari: mhalifu ni mfanyabiashara ya watumwa, mwokozi ni dola la Mfalme Leopold. Katika msuko huo mwokozi hawezi kuwa mhalifu. Mwaka 1896 Grenfell alifanywa katibu wa Tume ya Kuwalinda Wenyeji. Wajumbe wake sita walikaa mbalimbali, na mbali na maeneo ya mpira, hivyo walikutana kwa nadra. Tume ilikuwa pazia, na aliyeshikilia kalamu yake alikuwa mtu mwaminifu. Imani yake kwa dola ilivunjika katika miaka yake ya mwisho, wakati ambapo ripoti ya Roger Casement ya 1904 ilikuwa imeyaanika mambo hadharani.

Kumwita mnafiki ni rahisi. Kumtetea kwamba hakujua ni rahisi vilevile. Vituo vipya vya misheni vilihitaji idhini ya dola, na barua ya mmisionari ilidai matumaini. Kimya hiki kilikuwa na faida yake. Kueleza chimbuko lake si kukisamehe.

Baada ya kifo chake huko Basoko, msimulizi mwingine aliingia. Mwaka 1908, mwaka ambao Ubelgiji iliitwaa Kongo, Harry Johnston alichapisha mijalada miwili aliyoitegemeza kwenye shajara na uchunguzi wa Grenfell, akaongeza kumbukumbu za chama, maelezo yake mwenyewe na ya wengine. Katika kazi hiyo sauti ya marehemu imepita mikononi mwa mhariri aliyewahi kuwa mtawala wa kikoloni. Anayemnukuu Grenfell kutoka kwa Johnston hana budi kuuliza ni nani anayesema.

Mhalifu wa hadithi ya Grenfell naye aliandika. Tippu Tip, ambaye Leopold huyohuyo alimfanya liwali wa Stanley Falls mwaka 1887, aliacha tawasifu ya Kiswahili iliyochapishwa na Heinrich Brode mwaka 1902 na 1903. Humo vita na pembe husimuliwa kama shughuli za mfanyabiashara na ukoo wake. Kusoma matini hizi mbili pamoja hakuzisawazishi dhambi za watunzi wake. Kunaonyesha kwamba kila mmoja alikuwa na nafsi ya kuitetea na msomaji wa kumridhisha.

Waliochoma moto na waliobeba kalamu wote wana nyaraka. Wakongo waliokatwa mikono walisema pia: walitoa ushahidi mbele ya Tume ya Uchunguzi ya 1904-1905, lakini ushahidi huo haukuchapishwa pamoja na ripoti, ukafungiwa Brussels kwa miongo mingi. Uhakiki wa nyaraka za Grenfell utakuwa nusu iwapo hautasomwa sambamba na sauti hizo.