Unasihi wa Kuibua Ari

Kuna magonjwa ambayo sehemu kubwa ya tiba yake hufanyika jikoni, chumbani na chooni, daktari akiwa mbali. Moyo kushindwa kufanya kazi ni mojawapo. Jina hilo huwatisha watu wakidhani moyo umesimama. Haujasimama. Unasukuma damu, ila pungufu ya mahitaji ya mwili, na maji ambayo yangetolewa hubaki ndani: miguu huvimba, mgonjwa akilala chali pumzi humkata, mto mmoja unakuwa miwili, kisha mitatu. Mitaani husemwa moyo umetanuka, au umejaa maji. Barani kwetu ugonjwa huu hauwangoji wazee. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kutoka nchi 9 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo, ulifuatilia wagonjwa 1,006; wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52, na chanzo kikubwa kilikuwa shinikizo la damu. Hao ni watu ambao bado wanalima, wanauza sokoni, wanapanda daladala.

Anayepanda daladala ana sababu zake za kuruka dawa ya kupunguza maji mwilini. Akiimeza asubuhi, atahitaji choo kabla hajafika kazini, na kondakta hatasimamisha gari kwa ajili yake. Muuguzi atakayemwambia kwamba dawa ni muhimu atakuwa anamwambia jambo analolijua.

Mtaalamu wa uuguzi wa Marekani, Barbara Riegel, pamoja na wenzake, wameligawa jukumu la mgonjwa wa namna hii katika mafungu matatu. La kwanza ni kudumisha hali: kumeza dawa, kupunguza chumvi, kutembeatembea. La pili ni kujichunguza: kupima uzito kila asubuhi baada ya kukojoa na kabla ya kula, kubonyeza kifundo cha mguu na kuona kama kidole kimeacha shimo. La tatu ni kuchukua hatua dalili zikibadilika. Uzito ukipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, asingoje tarehe ya kliniki. Yote matatu kwa Kiswahili ni kujitunza. Wapo wanaoandika kujihudumia, neno ambalo mimi hunipeleka moja kwa moja kwenye foleni ya sahani hotelini.

Kujitunza kumepata jina lake bila taabu. Tatizo liko kwenye jina la mbinu inayomsaidia mtu ajitunze.

Mbinu yenyewe ilianzia kwa walevi. Mwaka 1982 mwanasaikolojia wa Marekani, William R. Miller, alikuwa Norway, karibu na Bergen, akizungumza na wanasaikolojia vijana. Walimtaka aoneshe jinsi anavyoongea na mnywaji, nao kila mara wakamkatiza: kwa nini umeuliza hilo? Kwa nini hukumjibu pale? Katika kujieleza aligundua kanuni alizokuwa akizifuata bila kuziandika, akazichapisha mwaka 1983. Baadaye aliungana na Stephen Rollnick, na kitabu chao cha pamoja kikatoka mwaka 1991. Kiini chake ni hiki: mtu anayesitasita ana pande mbili ndani yake, moja inataka kubadilika na nyingine haitaki. Ukishika upande wa mabadiliko na kuutetea kwa nguvu, unamwachia yeye atetee ule mwingine, na kadiri anavyoutetea ndivyo anavyouamini. Kwa hiyo mshauri huuliza maswali yasiyojibika kwa ndiyo au hapana, husikiliza, hurudisha alichosikia, na hungoja sababu za kubadilika zitoke kinywani mwa mgonjwa mwenyewe.

Sasa tuitafutie jina. Kwa Kiingereza huitwa motivational interviewing. Mahojiano? Kwetu anayehojiwa yuko mbele ya mwandishi wa habari au, vibaya zaidi, kituo cha polisi. Usaili ni wa kuomba kazi. Kwa Wanorwe, ambao mbinu ilizaliwa nyumbani kwao, hutumika pia neno la mazungumzo, na nadhani hilo linafaa zaidi. Motisha ndiyo tafsiri inayokuja haraka, lakini ukimwambia mtumishi wa umma kuna motisha atauliza ni shilingi ngapi. Hamasa nayo ina ngoma na kipaza sauti. Hupandishwa na mtu aliye jukwaani, na hushuka akishateremka. Maneno yote mawili yanaiweka nguvu nje ya mgonjwa, mahali ambapo Miller alisema isiwekwe.

Kiswahili kina ari. Mtu huwa nayo au huikosa. Hakuna anayelipwa ari mwisho wa mwezi. Na kitenzi kinachoifaa ni kuibua, kwa sababu kinachoibuliwa kilikuwapo chini tayari. Napendekeza basi unasihi wa kuibua ari kwa vitabu na mitaala, na mazungumzo ya kuibua ari pale muuguzi anapomweleza mgonjwa wanachotaka kufanya. Kutia moyo lingependeza, hasa kwa ugonjwa wa moyo, ila anayetia ndiye mwenye kitu, na mgonjwa hubaki chombo kitupu.

Itafaa tuisikie. Tuseme muuguzi kijana wa Tanga amekaa na mzee aliyeruhusiwa wiki iliyopita.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Mzee, kama 0 ni si lolote na 10 ni jambo kubwa kabisa, kupunguza chumvi unakuweka wapi?”

“Nne hivi.”

“Kwa nini nne, isiwe moja?”

“Ah! Ijumaa nimeshindwa zile ngazi za msikitini. Nimeswali chini, peke yangu, wenzangu wako juu.”

“Unatamani kurudi safuni na wenzako.”

“Sana. Tatizo ng'onda. Bibi yako akipika siwezi kumkatalia. Labda nimwambie anipikie changu mbali, samaki mbichi.”

Swali limefanya kazi kwa sababu ya mwelekeo wake. Angeuliza kwa nini si tisa, mzee angeorodhesha visingizio. Na tazama jinsi linavyomwokoa muuguzi: umri wake haumruhusu kumwamuru mtu wa rika la babu yake, na akimwamuru atapata “ndiyo, sista” ya heshima ambayo haimfungi mzee kwa lolote. Kliniki zetu zimejaa ndiyo za aina hiyo.

Jina la bibi halikuingia bure. Italia, kundi la watafiti wakiongozwa na Ercole Vellone liliwagawa wagonjwa 510 na watu wanaowatunza katika makundi matatu: kundi moja mgonjwa peke yake alipata unasihi huu, la pili mgonjwa na mtunzaji wake, la tatu huduma ya kawaida. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionesha kuwa baada ya miezi 3 makundi mawili ya kwanza yalijitunza vizuri zaidi. Kwetu, ambako chungu ni kimoja na mpishi si mgonjwa, kuzungumza na mgonjwa peke yake kuhusu chumvi ni kuzungumza na asiyeshika mwiko.

Mtu anaweza kuniuliza: nasaha si ushauri? Umewezaje kukataza kushauri, kisha ukaiita unasihi? Hoja ina uzito. Nasaha ina mzee mwenye hekima na kijana anayeinamisha kichwa. Lakini miaka ya kupima virusi vya UKIMWI ilishaizoesha jamii kuona chumba cha unasihi kama mahali mtu anaposikilizwa na kuamua mwenyewe. Tena mbinu haikatazi maarifa. Inataka yaombewe ruhusa. Muuguzi huuliza mgonjwa anajua nini, humwomba ruhusa ya kumwongezea, kisha humuuliza ameyapokeaje.

Ila jina lisivutwe likafunika kila kitu. Anayeruka dozi kwa sababu duka la dawa limemtajia bei asiyoiweza, au asiyepima uzito kwa kuwa nyumbani hakuna mizani, ari anayo. Huyo aandikiwe msamaha wa matibabu, na faili lake lisisome kwamba amepewa unasihi.