Klachi ya gari

Klachi ya gari (neno lenye asili ya Kiingereza) ni kifaa kinachounganisha injini na giaboksi, na kuzitenganisha pale dereva anapotaka. Hupatikana katika magari yenye gia za mkono. Dereva akikanyaga pedali ya kushoto, nguvu ya injini haifiki tena kwenye magurudumu. Akiiachia, nguvu inarudi kidogo kidogo. Kwa njia hiyo gari huweza kuondoka bila kurukaruka, kubadilisha gia na kusimama bila injini kuzimika.

Klachi hufanya kazi kwa msuguano, na kwa hiyo huchakaa. Katika magari ya zamani ni muhimu kutofautisha klachi iliyochakaa na klachi nzima ambayo haikurekebishwa vizuri, kwa sababu dalili zake hufanana. Kosa la kurekebisha lisipoondolewa mapema, huiharibu klachi iliyokuwa nzima.

## Sehemu zake

Klachi kavu ya pleti moja, iliyo ya kawaida katika magari madogo, ina sehemu zifuatazo:

* Flaiwili: gurudumu zito la chuma lililofungwa mwishoni mwa krankishafti ya injini.
* Klachi pleti: sahani iliyofunikwa pande zote mbili kwa vipande vya kukinza, ambavyo mara nyingi hufungwa kwa ribiti. Kitovu chake kina meno yanayoshika shafti ya giaboksi.
* Presha pleti: sahani ya chuma inayoibana klachi pleti kwenye flaiwili kwa nguvu ya springi. Presha pleti za zamani zilitumia springi kadhaa za mviringo; nyingi za baadaye hutumia springi moja bapa yenye vidole vinavyoelekea katikati.
* Rilizi beringi: beringi inayosukuma katikati ya presha pleti ili kulegeza mbano.
* Kiunganishi cha pedali: huwa ni waya, fimbo, au silinda mbili zenye mafuta ya breki.

## Nafasi huru ya pedali

Pedali nyingi zinazotumia waya huhitaji kushuka kidogo kabla ya kuanza kusukuma rilizi beringi. Mwendo huo mdogo huitwa nafasi huru.

Klachi pleti inapopungua unene, presha pleti husogea karibu zaidi na flaiwili, na vidole vyake hurudi nyuma kuelekea rilizi beringi. Matokeo yake nafasi huru hupungua. Ikiisha kabisa, beringi hubaki ikisukuma muda wote kana kwamba dereva ameweka mguu juu ya pedali. Springi hazibani tena kwa nguvu zote, pleti huteleza, hupata joto kali na kuungua, hata kama ilikuwa imebakiza unene wa kutosha.

Nafasi huru ikizidi, tatizo huwa kinyume chake: klachi haitengani kabisa na gia hukwaruza zinapoingizwa.

## Dalili

* Kuteleza: injini huongeza mzunguko lakini gari haliongezi mwendo, hasa mlimani au likiwa na mzigo. Harufu ya kuungua hufuata.
* Kutotengana: gia ya nyuma hukwaruza hata pedali ikiwa imekanyagwa hadi chini.
* Kutetemeka gari linapoondoka: pleti inaweza kuwa imelowa oili, au vishikio vya injini vimelegea.
* Mlio unaoanza pedali inapokanyagwa: mara nyingi ni rilizi beringi iliyokwisha.

Kipimo cha zamani cha kuteleza hufanywa gari likiwa tambarare na breki ya mkono imefungwa. Gia ya juu huingizwa na pedali huachiwa taratibu. Klachi nzima huizima injini. Inayoteleza huiacha ikiendelea kuzunguka. Kipimo hiki hakirudiwi mara nyingi kwa kuwa nacho huunguza pleti.

## Kurekebisha

Volkswagen Beetle ni mfano mzuri wa gari la zamani lenye klachi ya waya. Ilitengenezwa hadi mwaka 2003, na jumla ya zaidi ya magari milioni 21 yaliundwa. Afrika Mashariki gari hili lilijulikana pia kwa mashindano ya Safari Rally, ambayo lilishinda mwaka 1962.

Nafasi huru ya pedali ya Beetle inatakiwa kuwa milimita 10 hadi 20. Nati yenye mabawa ya kurekebishia iko kwenye mwisho wa waya, upande wa kushoto wa giaboksi, na hufikiwa kwa urahisi gurudumu la nyuma la kushoto likiondolewa. Kulegeza nati huongeza nafasi huru, kuikaza huipunguza. Waya wenye nyuzi zilizokatika hubadilishwa badala ya kurekebishwa.

Magari yanayotumia mafuta, kama Land Rover Series II na III, huchunguzwa kwanza kiwango cha mafuta, uvujaji kwenye silinda, na hewa iliyoingia kwenye mpira.

Ikiwa nafasi huru iko sawa na klachi bado inateleza, marekebisho hayatasaidia tena. Pleti imekwisha, imelowa oili, au springi zimechoka.

## Kubadilisha

Njia ya kuifikia klachi hutegemea gari. Katika Land Rover za Series, giaboksi hutolewa baada ya kufungua sakafu na sanduku la viti. Katika Beetle, injini ndiyo hutolewa, kwa kuwa imeshikwa na giaboksi kwa bolti na nati nne tu. Hatua kuu za Beetle ni hizi:

1. Betri hutenganishwa, na nyuma ya gari huinuliwa na kuegemezwa juu ya stendi imara. Gari lililoshikiliwa na jeki pekee ni hatari kwa aliye chini yake.
2. Nyaya za umeme, waya wa mafuta, nyaya za hita na mpira wa petroli hutenganishwa. Mpira wa petroli huzibwa.
3. Injini huwekewa jeki, hufunguliwa, huvutwa nyuma ikiwa imenyooka, kisha hushushwa.
4. Bolti sita za presha pleti hulegezwa kidogo kidogo kwa kupishana, ili sahani isipinde.
5. Flaiwili hukaguliwa kama ina nyufa, mikwaruzo au alama za joto. Sili ya krankishafti inayovuja hubadilishwa kwanza. La sivyo pleti mpya italowa oili.
6. Pleti mpya huwekwa katikati kwa kutumia shafti ya giaboksi ya zamani au kifaa maalumu. Isipokuwa katikati, injini haitaingia kwenye giaboksi.
7. Bolti hukazwa kwa kupishana hadi niutoni-mita 25, kisha injini hurudishwa na nafasi huru hupimwa upya.

Pleti ya ribiti huhesabiwa kuwa imekwisha vipande vyake vinapobakiza takriban milimita 0.3 juu ya vichwa vya ribiti. Vichwa hivyo vikifikia chuma, huchora flaiwili. Kwa kawaida pleti, presha pleti na rilizi beringi hubadilishwa kwa pamoja, kwa sababu kazi ya kuzifikia ni ile ile.

## Hatari ya vumbi

Kwa miaka mingi vipande vya klachi na breki vilitengenezwa kwa asbesto, madini yanayostahimili joto. Nyuzi zake zikivutwa kwa pumzi husababisha saratani ya mapafu na mesothelioma, na ugonjwa huweza kujitokeza baada ya miaka mingi. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku asbesto kuanzia mwaka 2005, lakini si nchi zote zilizofanya hivyo.

Kwa macho haiwezekani kujua kama pleti ya zamani ina asbesto. Kwa hiyo vumbi la klachi halipulizwi kwa kompresa wala kwa mdomo, na halifagiliwi likiwa kavu. Hulowanishwa, hufutwa kwa kitambaa chenye maji, na kitambaa hicho hufungwa ndani ya mfuko kabla ya kutupwa. Nguo za kazi huoshwa peke yake ili nyuzi zisifike nyumbani.

## Kuifanya idumu

Klachi hudumu zaidi dereva asipopumzisha mguu juu ya pedali, asipolishikilia gari mlimani kwa klachi badala ya breki, asipoondoka kwa gia ya pili, na asipozidisha mzigo. Nafasi huru ikipimwa mara kwa mara, tatizo hugunduliwa kabla pleti haijaungua.

## Tazama pia

* Injini
* Giaboksi
* Breki
* Asbesto