Kutoka Wanyika hadi Wamijikenda

Hadi katikati ya karne ya 20, watu wanaoitwa leo Wamijikenda walijulikana vitabuni kwa jina la Wanyika. Jina hilo lilikusanya jamii tisa za pwani ya Kenya: Wagiriama, Waduruma, Wachonyi, Warabai, Waribe, Wakambe, Wajibana, Wakauma na Wadigo, ambao makazi yao yanavuka mpaka hadi Tanga. Wenyewe hawakujiita hivyo. Mtu alikuwa Mgiriama au Mduruma, wa ukoo fulani na wa kaya fulani, yaani mji wa asili wa jamii yake.

Waliowapa jina hilo ni watu wa miji ya mwambao. Nyika ni pori kame la miiba lililo nyuma ya Mombasa, na mtu wa nyika, machoni pa muungwana wa mjini, alikuwa mshamba asiye Mwislamu. Hata kwa jiografia tupu jina lilikosea, kwa kuwa kaya zilijengwa vilimani, kwenye misitu na mvua, kabla hujaifikia nyika yenyewe. Wala dharau haikuzuia biashara: Mombasa ilinunua kwao nafaka, sandarusi na pembe za ndovu, na koo za Waswahili wa mji ule, zilizoitwa mataifa, zilikuwa na mapatano ya tangu zamani na jamii hizo.

Wareno walikuwa na jina lao, Mosungulos, lakini halikudumu. Wanyika lilidumu kwa sababu liliingia maandishini. Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann, wamisionari walioanza kazi Rabai mwaka 1846, walilichukua kama lilivyosemwa Mombasa, wakaandika "Wanika". Lugha wakaiita Kinika, ingawa waliyoisikia zaidi ilikuwa Kirabai. Kamusi yao ya Kinika ilichapishwa mwaka 1887, na utawala wa Waingereza ukairithi istilahi hiyo.

Jina jipya lilishika miaka ya 1940, wakati wa kuundwa kwa Mijikenda Union mjini Mombasa. Midzi chenda ni miji tisa, yaani zile kaya. Safari hii waliotoa jina ni wenyewe. Wataalamu walichelewa. Malcolm Guthrie, alipopanga lugha za Kibantu mwaka 1948, bado alitumia jina la Nyika, na kitabu cha A. H. J. Prins cha mwaka 1952 kiliendelea na jina hilohilo. UNESCO ilipoiorodhesha misitu ya kaya kuwa urithi wa dunia mwaka 2008, iliandika Mijikenda.