Mwalimu Aliyekaa Jirani

Kabla shule hazijafika kwenye miteremko ya Mlima Meru, Waarusha walikuwa na namna yao ya kumlea kijana anayeacha utoto. Rika jipya halikuachwa lijiongoze. Liliwekewa wazee wa rika lililotangulia kwa marika mawili, na uhusiano huo uliitwa olpiron, jina la kijiti cha kupekechea moto, kwa kuwa wazee hao ndio waliowawashia vijana moto wao. Baada ya moto kuwaka hawakwenda zao. Vijana wakikosa, wao ndio walioulizwa.

Wamisionari wa Leipzig walikuja katika nchi hiyo kwa gharama kubwa. Ewald Ovir na Karl Segebrock waliuawa Akeri mwaka 1896. Wenzao walirudi, wakafungua kituo Nkoaranga mwaka 1902 na Ilboru mwaka 1904. Lakini tukisema wamisionari ndio waliolea vijana wa kwanza wa Kanisa letu, tunasema nusu tu. Kazi ya kila siku ilikuwa ya walimu Waafrika. Mtu yule yule alifundisha kusoma asubuhi, akaongoza sala jioni na kutembelea mgonjwa siku ya pili. Mwaka 1920, Wajerumani walipolazimishwa kuondoka, walimu hao ndio waliobaki na sharika. Mwanafunzi mwenye shida alijua mlango wa kugonga.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilibadilisha hali hiyo. Shule za makanisa zilizopokea ruzuku ziliwekwa chini ya Serikali, ili mtoto wa Mwislamu na wa asiye na dhehebu wapate nafasi sawa na wa kwetu. Sisi hatuoni kwamba Serikali ilikosea. Tulilalamikia majengo, na pengine tulilalamikia kitu kisicho chenyewe. Tulichopoteza kilikuwa jioni ya mwanafunzi. Mchungaji akawa mgeni wa kipindi cha dini, na kengele ikilia anaondoka. Tunashukuru kwamba UKWATA, chini ya Jumuiya ya Kikristo Tanzania, imewakusanya wanafunzi wasali pamoja. Hata hivyo kiongozi wake naye ni mwanafunzi, ana mtihani ule ule na hofu ile ile.

Kuanzia mwaka 2004 shule za kata zikaongezeka haraka, na mwaka 2016 ada ikafutwa hadi kidato cha nne. Katika mtaa kama Daraja Mbili, maana yake ni kwamba kijana wa miaka kumi na saba anasoma kutwa, kisha jioni anarudi kwenye chumba cha kupanga, penye wadogo zake na kelele za jirani. Yuko karibu nasi kuliko mwanafunzi wa bweni alivyokuwa. Lakini tunamwona lini? Tunamwona siku ya kuwaombea watahiniwa, tunapomwekea mikono, basi.

Samweli alipoitwa usiku alimkimbilia Eli mara tatu. Eli alikuwa mzee, macho yake yamefifia, na nyumbani kwake mambo hayakuwa mazuri. Ila alikuwa amelala mahali ambapo kijana angeweza kumwamsha.

Tazameni daftari zetu za usharika. Tunaandika ubatizo, tunaandika kipaimara, kisha ndoa. Baada ya miaka ya mafundisho ya kipaimara kijana anapewa cheti, na miaka ya kidato cha tatu hadi cha sita haina hata safu. Orodha ya kidato cha tano ikitoka, mmoja anapangiwa Tabora, mwingine Iringa. Mtu mzima akihama tunampa barua ya utambulisho aipeleke usharika wa huko. Mwanafunzi anaondoka na sanduku, godoro na ndoo. Barua hiyo mwinjilisti anaiandika kwa dakika kumi, na mzee wa kanisa wa mtaa anaweza kumpelekea mzazi nyumbani kabla ya siku ya safari.