Furu wa Mwalimu na Tangi Langu la Kioo

Wasomaji wangu, nimeadimika kidogo. Kazi za gazeti zilinibana, si unajua tena, leo mkutano wa madiwani, kesho ajali, keshokutwa mgeni rasmi. Leo nimepata mwanya na nimerudi na habari ya samaki. Usikimbie. Si bei ya sangara mwaloni, hiyo nimeiandika mpaka nimechoka.

Miezi kadhaa iliyopita nilitumwa kumhoji mkubwa mmoja katika ofisi moja hapa Mwanza. Nikaambiwa nisubiri mapokezi. Pembeni palikuwa na tangi la kioo lenye taa, ndani yake matumbawe ya plastiki ya rangi ya waridi, na samaki wanne wekundu wanazunguka polepole kama walinzi wa zamu ya usiku. Nyuma ya tangi kuna dirisha, na dirishani Ziwa Victoria lile pale, hata mita mia tatu hazifiki. Nikamuuliza dada wa mapokezi:

"Dada, hawa samaki wametoka wapi?"

"Waliletwa kutoka Dar. Nadhani wanatoka nje ya nchi."

"Na furu wetu wa hapa ziwani je?"

Akacheka. "Kaka, furu si chambo!"

Hakukosea. Ukipita Kirumba utawaona furu kwenye ndoo, wanasubiri kutungwa kwenye ndoano za sangara. Ila usiku ule nilipofika nyumbani nikaanza kusoma juu ya ufugaji wa samaki kwenye vioo, na nikakutana na jambo lililoninyima usingizi. Huko Ulaya na Marekani wapo watu wanaofuga furu wa Mwanza sebuleni kwao. Wanawanunua kwa fedha, wanawazalisha, wanabishana juu ya rangi zao. Mmoja wa wanaopendwa sana anaitwa kitaalamu Pundamilia nyererei. Ndiyo, Nyerere huyu huyu wetu. Na kando ya jina hilo wauzaji huandika kisiwa alikotoka: Makobe, Ruti, Python. Visiwa vya huku kwetu! Mimi nimesoma chuo kikuu hapa hapa Nyegezi, ziwa liko mlangoni, na sikuwahi kusikia kwamba Mwalimu ana samaki wake.

Basi ngoja nikusimulie nilichojifunza, maana hii ni historia yetu hata kama wameiandika wengine.

Wanasayansi waliochunguza matope ya chini ya ziwa hili wanasema lilikauka miaka 15,000 hivi iliyopita, kisha likajaa upya. Katika kipindi hicho, ambacho kwa hesabu za viumbe ni kama juzi tu, zikatokea aina zaidi ya 500 za furu. Wapo wanaokwangua mwani kwenye mawe, wapo wanaovunja konokono, wapo wanaokula mayai na vifaranga vya wenzao. Wale wa kwenye mawe Wasukuma wanawaita mbipi. Dunia nzima haina mfano mwingine wa jamii moja ya samaki iliyotawanyika kwa kasi namna hii.

Mwaka 1977 watafiti kutoka Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walipiga kambi Mwanza. Timu yao ilijulikana kwa kifupi kama HEST. Enzi hizo furu walikuwa zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa samaki wote wa chini ya ziwa, na mpango ulikuwa wavuliwe kwa meli za kukokota nyavu, wasagwe, wawe unga wa chakula cha mifugo. Kazi ya watafiti ilikuwa kujua furu ni wa aina ngapi na wanaishi vipi. Walivua mara kwa mara katika Ghuba ya Mwanza, ile ile ambayo leo unaivuka kwa gari juu ya daraja la Kigongo-Busisi lililozinduliwa Juni 2025.

Wakiwa bado wanahesabu, mgeni akaingia. Sangara alikuwa amepandikizwa ziwani upande wa Uganda kuanzia miaka ya 1950, na akapandikizwa tena mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa miaka mingi alionekana kwa nadra. Kisha katikati ya miaka ya 1980 akafurika katika Ghuba ya Mwanza. Nyavu zilizokuwa zikipanda zimejaa furu wa kila rangi zikaanza kupanda na sangara watupu. Ndani ya miaka michache aina zinazokadiriwa kufikia 200 za furu zilitoweka au zikawa adimu mno. Mmoja wa watafiti wale, Tijs Goldschmidt, aliandika kitabu juu ya msiba huo, kikatoka Uholanzi mwaka 1994 na Kiingereza mwaka 1996.

Sasa angalia tarehe hii. Mwaka 1985, sangara akiwa amepamba moto, Els Witte-Maas na Frans Witte walitangaza aina mpya ya furu wa mawe na kumpa jina la Mwalimu kwa heshima yake. Ni mwaka ule ule Mwalimu alioondoka Ikulu kwa hiari. Dume lake lina mgongo mwekundu, ubavu wa njano na milia myeusi. Baadaye, mwaka 1998, Ole Seehausen na wenzake walipowapanga upya samaki wa mawe, kundi moja wakaliita Pundamilia na jingine Mbipia. Yaani Mjerumani akiingia duka la samaki kwao anatamka Kiswahili na Kisukuma bila kujua.

Furu walifikaje huko? Watafiti walisafirisha baadhi wakiwa hai kwenda maabara Leiden. Wengine walipita mikononi mwa wafanyabiashara, wakazaliana kwenye vioo vya watu binafsi. Na kuanzia miaka ya 1990 bustani za wanyama za Marekani ziliweka mpango wa pamoja wa kuzalisha furu waliokuwa hatarini. Furu akawa mkimbizi, mwenye kitanda Ulaya na kaburi nyumbani.

Nilipofika hapo nikasema na mimi nitafuga. Wacheki washkaji zangu walivyonicheka! "Mwandishi wa habari unafuga chambo?" Nikamtafuta fundi wa vioo, akanikatia tangi la lita 160 na kuliunga kwa silikoni. Nikabeba mawe ya ziwani, nikamnunua kijana furu kumi wa ndoo, nikafungulia maji ya bomba, nikajaza, nikawamwaga humo. Siku ya nne nilizoa wa mwisho.

Kosa lilikuwa langu mwenyewe. Maji ya bomba yana klorini, inayochoma matamvua ya samaki, hivyo ni lazima uyaache wazi kwenye ndoo siku moja mbili, au utie dawa ya kuiondoa. La pili ndilo wengi hatulijui: tangi jipya halina uhai. Kinyesi cha samaki hutoa amonia, na amonia ni sumu. Wapo bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia ikiwa kidogo. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kujijenga kwenye sponji la kichujio na juu ya mawe. Ndiyo maana mfugaji mzuri huwasha pampu, hutupia punje chache za chakula zioze, kisha husubiri. Baada ya hapo kila wiki unabadilisha robo ya maji, si yote, maana ukibadilisha yote umewavuruga wapangaji wako.

Mara ya pili nikasubiri wiki sita. Nikapanga mawe yawe na mapango, kwa sababu dume hutaka himaya na majike hutaka pa kujificha. Kwenye jambo moja mtu wa Mwanza ana bahati: Mzungu analipia umeme kupata nyuzi 25 za joto, sisi tumepewa bure. Ila umeme ukikatika usiku pampu inazima, na hapo unaamka kuyachota na kuyamimina maji kwa kopo ili yapate hewa. Nimeshafanya hivyo mara tatu.

Wiki ya tisa jike mmoja alivimba kidevu, akagoma kula. Nikadhani anaumwa. Kumbe ana mayai mdomoni! Furu wa kwetu hulelea mdomoni, karibu wiki tatu bila kula kitu cha maana. Siku alipofungua mdomo vikatoka vitoto kama punje za ulezi, nikamwamsha jirani saa kumi na moja alfajiri. Hajanisamehe mpaka leo.

Ni tangi hilo lililonifanya nielewe sura ya pili ya historia hii, ambayo sangara hahusiki nayo peke yake. Mwaka 1997 Seehausen na wenzake walionyesha kwamba jike la furu humchagua dume kwa rangi. Maji yakichafuka kwa udongo na mbolea inayoteremka kutoka mashambani na mijini, mwani unajaa, mwanga unapungua, rangi hazionekani. Jike hawezi kutofautisha, aina zinachanganyika na kuwa moja. Maabara waliliona hilo kwa kuwasha taa ya rangi ya machungwa tu: majike yakaacha kuchagua. Kwenye visiwa vya maji maangavu kama Makobe, mwekundu na wa bluu bado ni aina mbili. Kwenye maji machafu ndani ya ghuba wanayeyukiana. Kwa hiyo aina moja inaweza kutoweka bila samaki hata mmoja kuliwa. Inatosha ziwa kuwa na ukungu.

Mwezi uliopita babu yangu mzaa mama, mvuvi wa zamani wa Kome, alikuja mjini kwa matibabu akafikia kwangu. Alisimama mbele ya tangi muda mrefu, mikono nyuma.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Huyu mwekundu umempata wapi?"

"Kwenye ndoo ya chambo, babu."

"Tulikuwa tunawaanika juani, gunia kwa gunia. Hatukuwahesabu. Nani anahesabu mchanga?" Akanyamaza. Kisha, "Unawafuga uwapeleke wapi?"

Sikuwa na jibu la haraka. Na ukweli ni huu: mama yangu alinisomesha kwa kuuza mapanki, mifupa ya sangara inayobaki viwandani minofu ikisafirishwa. Ada yangu, sare yangu, hata shahada yangu, sangara ana mkono wake. Siwezi kusimama leo nikamtukana. Filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004 ilituletea kelele kubwa nchini mwaka 2006, tukagombania heshima ya Mwanza na mapanki. Sikumbuki kusoma popote kwamba katika kelele zile kuna mtu aliuliza habari za furu.

Wala tangi si jibu. Kuanzia miaka ya 1990 furu mmoja aliyedhaniwa amekwisha, pyrrhocephalus, alirudi katika Ghuba ya Mwanza, na watafiti walipompima wakakuta amebadilika: matamvua yamekuwa makubwa kumudu maji yenye hewa haba. Ziwa lilimfundisha. Ndugu zake walioko kwenye vioo vya watu wamebaki kama picha ya mwaka waliochukuliwa. Picha ni nzuri kuwa nayo, lakini hakuna aliyeishi ndani ya picha.

Nilimjibu babu kwamba nawafuga ili niwajue majina. Dume langu lina milia na mgongo unaoelekea wekundu, lakini sitaapa kuwa ndiye nyererei, maana furu hutambuliwa hadi kwa meno. Nimeomba mtafiti mmoja aje kumtazama. Na juzi nilirudi kwenye ile ofisi nikampelekea dada wa mapokezi picha. Ameitazama, akauliza, "Huyu ni wa wapi?" Nikamwonyesha dirishani.

Wewe uliyeko ughaibuni, siku ukipita duka la samaki, soma vibandiko. Ukiona jina la Mwalimu, mwambie muuzaji linavyotamkwa. Na wewe wa Nyakato, Igoma na Kitangiri, wiki hii pita mwaloni, chungulia ndoo ya chambo kabla hawajatungwa. Tazama rangi. Kisha tutafakari pamoja.