Mnyeo wa Kinyeo: Utetezi wa Istilahi

Kijikaratasi nilichopewa kwenye dirisha la dawa kilikuwa na kichwa hiki: "Usumbufu wa Kuwashwa Sugu Sehemu za Siri". Nilikisoma mara mbili nikiwa kwenye foleni, na mara zote mbili sikujua kinazungumzia nini, mimi niliyekuwa na maradhi yenyewe. Ni nyuma ya karatasi tu, penye mchoro wa utumbo mpana na mshale unaoelekea chini, ndipo nilipong'amua kwamba waliomaanishwa ni mimi na wenzangu tunaougua kile ambacho matabibu hukiita kwa Kilatini pruritus ani.

Kwa Mswahili, sehemu za siri ziko mbele. Ndiyo maana kijana aliyenipokea chumba cha kwanza, baada ya kuandika maneno hayohayo kwenye daftari, aliniuliza maswali matatu kuhusu mwenendo wangu na wanawake, akaniandikia dawa ya fangasi. Sikumlaumu yeye. Nililaumu istilahi, na walioitunga, ambao nasikia walikaa siku nne hotelini kuitunga.

Wapinzani wangu hawakosi majina mengine. Wapo wanaotaka "mwasho wa mkundu". Mkundu ni neno la kale, limo kamusini, na sina ugomvi nalo, ila matusi ya barabarani yamelichakaza kiasi kwamba mzee hawezi kulitamka mbele ya muuguzi aliye rika la binti yake. Wapo wa "muwasho wa njia ya haja kubwa". Njia ipi? Njia ina urefu, na puru nalo ni sehemu yake. Kinachosumbua hakiko njiani, kiko kwenye ngozi inayozunguka mlango. Wapo pia wa "duburi", neno ambalo masheikh wa fikihi wamelitumia kwa heshima na usahihi, lakini mpeleke mgonjwa wa Sumbawanga duburi uone kama atajua umempeleka wapi.

Neno tunalo, na halikuhitaji posho ya mtu yeyote: kinyeo.

Tazama lilivyojengwa. Kichomeo ni cha kuchomea, kifutio ni cha kufutia, kinyeo ni cha kunyea. Mzizi ni ule wa nya, uliozaa pia kinyesi, na ambao ukiutaja juu ya mvua hakuna anayeziba pua. Wahenga hawakuuona haya: wametukataza kunyea kambi, na wakatuambia kiganja alichokinyea mtoto hakikatwi. Sasa liweke kinyeo kando ya kinywa. Kinywa kimetokana na nywa, kinyeo kimetokana na nya, na kati ya hivyo viwili upo mfereji mzima wa chakula. Lugha iliyoyaweka maneno hayo mawili kwenye ncha mbili za mwili, yakiwa na kiambishi kimoja na sauti zinazoitikiana, haikungoja warsha.

Upande wa kwanza wa istilahi ndio ulionigombanisha na watu. Mimi nasema mnyeo, wao wanasema mwasho. Washa imetoka kwenye waka, ni moto. Pilipili huwasha, upupu huwasha, kidonda kilichotiwa ndimu huwasha. Ni kitu cha nje kinachokuja kukuchoma. Nyea, ile nyingine, ya "kiganja kinaninyea", ni hali ya ngozi yenyewe kuitaka kucha. Mwaka 1660 tabibu Mjerumani, Samuel Hafenreffer, aliieleza hali hiyo kuwa ni hisia isiyopendeza inayoleta hamu ya kujikuna, na mpaka leo vitabu vya ngozi vinaanzia kwake. Hamu ya kujikuna ndiyo mnyeo. Mwenye mchaniko wa kinyeo, anayeumia kila akienda chooni, naye husema "kunawasha", wala hathubutu kupitisha kucha hapo. Ukiwaandika wote wawili kuwa wana mwasho, mmoja atapewa dawa ya mwenzake.

Mpinzani mmoja, ambaye elimu yake ya Kilatini ni ya juzijuzi, alinisimamisha hapo kwa furaha. Kitenzi prurire, alisema, ni jamaa wa pruna, yaani kaa la moto, kwa hiyo Warumi nao walisema mwasho. Ni kweli ni jamaa. Lakini Warumi hao walilitumia prurire kwa ashiki pia, kama sisi tunavyosema mtu ana mnyeo wa jambo fulani, na hapo mpinzani huyo hakuendelea na nukuu zake. Nitamwongezea hoja ambayo hakuipata. Mwaka 2003 jarida la tiba la Gut lilichapisha jaribio la krimu yenye kapsaisini, kile kiini cha ukali wa pilipili, kwa kiwango cha asilimia 0.006 tu, wakapakwa watu wenye mnyeo sugu wa kinyeo usiojulikana chanzo. Wengi walipata nafuu. Iliwawasha, ikawaondolea mnyeo. Kama mwasho na mnyeo ni kitu kimoja, nielezwe kimoja kimekuwaje dawa ya chenyewe.

Waliobaki walicheka tu. Eti "mnyeo wa kinyeo" ni kitanza ndimi. Eti wingi wake, minyeo, utachanganywa na minyoo. Mnyoo huleta mnyeo kwenye kinyeo: mtoto wa darasa la pili atalikariri hilo kwa siku moja na hatalisahau, na ni kweli tupu, maana jike la minyoo uzi hutoka nje usiku kutaga mayai kwenye ngozi ya hapo hapo. "Usumbufu wa kuwashwa sugu sehemu za siri" utamfundisha nini?

Kuhusu kujitunza nitasema upesi, kwa kuwa hapo kijikaratasi, lazima nikubali, hakikukosea sana. Chamba kwa maji matupu bila sabuni ya manukato, kausha kwa kubonyeza kitambaa laini na si kwa kusugua, vaa chupi ya pamba, kata kucha. Punguza kahawa, chai, kola, pombe, pilipili, nyanya na machungwa kwa wiki chache, kisha rudisha kimoja kimoja umjue mchokozi. Krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1 ipakwe kidogo, isipite wiki mbili, maana hukondesha ngozi. Mnyeo wa usiku, hasa kwa watoto, uchunguzwe minyoo. Ikionekana, nyumba nzima imeze dawa siku moja na kurudia baada ya wiki mbili, wajawazito na watoto wachanga wakiulizia kwanza. Damu, kivimbe au kukonda si mambo ya krimu, nenda ukapimwe. Na usioge mara tano kwa siku ukidhani ni uchafu, kama nilivyofanya mimi miezi miwili nikazidisha.

Nirudi kwenye jina. Misri ya kale, ambayo mafunjo yake ya Chester Beatty ya mwaka 1200 hivi kabla ya Kristo yameshughulika na maradhi ya kinyeo tu, ilikuwa na tabibu wa kasri mwenye cheo rasmi cha mchunga kinyeo. Farao hakuona haja ya "sehemu za siri".

Wahariri wa vitabu vya afya na walimu wa uuguzi, nawaomba: andikeni mnyeo wa kinyeo. Mkiogopa kuchekwa, wekeni mwasho wa mkundu chini yake kama kisawe, kwa herufi ndogo, lakini siri iondoeni.