Sauti na Jina: Ndege wa Njia ya Tabora

Mwanzoni mwa miaka ya 1880 Mjerumani Richard Böhm aliishi Kakoma na Igonda, kusini ya Tabora, akikusanya ndege. Akafariki Katanga mwaka 1884. Ngozi alizozikausha zilipelekwa Berlin, na mwaka 1882 mtaalamu Anton Reichenow akampa keremkerem mmoja jina la Merops boehmi. Ndege huyo alipewa jina mezani, akiwa amekwisha nyamaza.

Waliotangulia kupita njia ile waliwajua ndege kwa namna nyingine. Wapagazi wa Kinyamwezi, waliobeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo na kurudi na nguo na shanga, walilala kambini ndani ya maboma ya miiba. Miombo ikishachipua, majani huficha kila kitu, na msafiri husikia ndege siku nzima pasipo kuwaona. Haishangazi basi kwamba majina mengi ya ndege katika Kiswahili ni milio iliyogeuzwa nomino: tipitipi, hondohondo, kwarara, na huyo keremkerem mwenyewe.

Mlembe, ndege aongozaye watu kwenye asali, atupa ushahidi mzito zaidi. Warina asali humfuata kwa mlio wake, na wao pia humwita. Utafiti uliofanywa Niassa, Msumbiji, na kutangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba mrinaji atoapo mlio wa Wayao, uwezekano wa kuongozwa na ndege hupanda kutoka asilimia 33 hadi 66. Mwaka 2023 ikathibitishwa kwamba walembe wa nchi ya Wahadza, kando ya Ziwa Eyasi, huitikia zaidi mluzi wa Wahadza kuliko mwito wa Wayao, na wale wa Niassa kinyume chake. Yaani hata ndege wana lahaja wanayoisikiliza! Iwapo mwito huo utasahauliwa mahali fulani, yamkini ndege wa mahali hapo nao hawatakuwa na sababu ya kuuitikia.

Sisi tushughulikao na istilahi hatuna budi kulizingatia jambo hili. Mfasiri aliye na kitabu cha Kiingereza mkononi huelekea kuunda jina kwa rangi ya kifua au urefu wa mkia, hali jina lipo tayari vinywani mwa watu. Jina kama hilo halimsaidii mfuga nyuki wa Sikonge, ambaye bwana nyuki amwandikiapo kuhusu ndege walao nyuki wake, hana budi kutambua mara moja anayetajwa ni nani.

Tungependekeza keremkerem liwe jina la jamii nzima, na huyu wa Reichenow aitwe keremkerem wa Böhm. Kuhusu tipitipi, ambaye kwingine huitwa dudumizi, hatuoni haja ya kufuta jina mojawapo. Majina yote mawili yaingizwe katika orodha, na mwalimu atumie lile linalosikika kijijini kwake.